Mikono ya Mpiga Chapa

Kwa Kaluki pale River Road hakuna aliyeingia akatoka na njaa. Kihoteli chenyewe kilikuwa kijinafasi tu kati ya duka la misumari na ngazi za kupandia gesti: meza chache, mabenchi, na sufuria kubwa za kutosha kumwogeshea mtoto. Muthokoi, ndengu, chapati, na siku ya Ijumaa matumbo. Ukichelewa alikutukana kwanza, kisha akakupakulia. Ukisema umeshiba aliona umemdharau, akakuongezea mwiko mzima, na kaa hapo ule, kwani wewe ni nani wa kuacha chakula cha watu? Wasukuma mikokoteni, mafundi wa mabomba, vijana wa mitambo ya kupiga chapa, wote waliujua mdomo wake kabla ya kukijua chakula chake.

Mumewe, Mwololo, alikuwa mmoja wa hao wapiga chapa. Alichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na ratiba za mazishi katika chumba cha chini mtaa huohuo, na tangu waoane hakuwahi kujipakulia sahani. Si kwa ubaya. Kaluki hakumpa nafasi. Mwanamume akishika mwiko wangu, alisema, atanivunjia sufuria. Basi Mwololo alikuja saa ya chakula, akakaa kwenye kona na vidole vyake vyeusi, akala, akashukuru, akarudi kwa mashine.

Sasa yageuze hayo yote juu chini. Mwaka uliopita utumbo wa Kaluki ulijisokota, kipande kirefu kikafa, na madaktari wa hospitali moja huko Upper Hill wakakikata. Kilichobaki kilikuwa kifupi mno kubeba chakula. Wakasema watamfanyia operesheni ya kuurekebisha utumbo baadaye mwili ukipata nyama kidogo, na hadi hapo asile kitu kwa mdomo, ila maji ya kulowesha ulimi. Chakula chake kingepita kwenye mshipa. Wakamtia mrija mwembamba kifuani, ukaingia hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, na kila jioni wakatundika mfuko mweupe kama maziwa, ukadondoka humo polepole mpaka asubuhi.

Mrija wa kwanza uliziba. Wa pili uliingiwa na vijidudu, wakaung'oa. Walipoweka wa tatu, daktari aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo madaktari hawafanyi bure, akamwambia waziwazi. Mishipa inayofaa ilikuwa imekaribia kuisha. Huu nao ukiharibika, hawangejua pa kumlishia. Operesheni ilitaka mtu mwenye nguvu, na nguvu zilikuwa zinaingilia hapo tu.

"Sawa, daktari," Kaluki akasema.

Hakuogopa. Mwanzoni jambo hilo lilimshangaza, halafu hata mshangao ukaisha. Wiki za kwanza hospitalini alikuwa anaota chapati, anaamka na mate mdomoni. Baadaye ndoto zikaacha kuja. Njaa ikaondoka, na ilipoondoka ikabeba na vitu vingine. Binti yake Emmah alilia mbele yake, naye akamtazama akilia. Wateja wa River Road walimtumia salamu, akasema asante. Hakuwa na uchungu wala furaha, alikuwa yupo tu.

Hospitali iliporidhika kwamba anaweza kulishwa nyumbani, walihamia kwa Emmah, ghorofa ya tatu huko Kileleshwa. Chumba chao cha Kangemi kilikuwa na friji ndogo ya kuchoka, na stima ikipotea huko inapotea kweli. Kwa Emmah palikuwa na jenereta ya jengo zima na friji ya kuweka ile mifuko, ambayo mwendesha boda boda aliileta kutoka Upper Hill ndani ya sanduku la barafu. Lakini Emmah ni mhasibu, hutoka alfajiri na kurudi usiku, na kazi nyingine humpeleka Kisumu wiki nzima. Kwa hiyo kazi ya kumlisha Kaluki ilimwangukia mtu ambaye hakuwahi kupakua hata uji.

Nyakio, muuguzi kijana wa hospitali, alikuja kumfundisha. Kitu cha kwanza alichotazama ni mikono.

"Mzee, hebu nione hizo kucha. Hii ni nini?"

"Ni wino, sista. Hautoki. Hata nikifa nitazikwa nao."

"Wino si shida yangu. Shida yangu ni kile kinakaa chini ya wino. Kata kucha zote, fupi kabisa." Halafu akaushika mrija, akautikisa kidogo mbele ya macho yake. "Na usikie vizuri. Hii ni ya chakula peke yake. Hapa mtu hatoi damu, haweki dawa nyingine. Mtu akitaka kuigusa, hata kama ni daktari mkubwa, wewe muulize kama amenawa. Usimwonee haya."

Mwololo alijifunza kama alivyojifunza mashine yake ya kwanza, kwa kurudia bila kuuliza sana. Toa mfuko kwa friji mapema upoteze baridi. Soma jina la mgonjwa na tarehe. Tazama kama umevuja, au kama mafuta yamejitenga juu. Ukiona hivyo usiutumie. Panguza meza. Nawa. Sugua mdomo wa mrija kwa pamba ya spiriti, subiri ukauke wenyewe, usipulize. Usiguse ncha. Na mgonjwa akianza kutetemeka au kupata homa, funga mfuko na upige simu hapo hapo, usingoje kuche.

Kunawa ndiko kulikompa taabu. Nyakio alitaka asugue muda mrefu, kila kidole, na Mwololo hana subira ya kukodolea saa macho. Akasema ataimba. Alichagua wimbo wa Kikamba wa kanisani, beti mbili, polepole, na Nyakio akapima akasema zinatosha. Tangu siku hiyo, kila jioni Kaluki alisikia maji yakifunguliwa jikoni, kisha ile sauti ya mumewe, mbaya, kama mtu anayekwaruza bati. Wimbo ukiisha, Mwololo aliingia mikono juu, viganja vikimwangalia, akifungua mlango kwa kiwiko.

"Mama Emmah, karibu chakula," alisema kila jioni.

Hapo zamani Kaluki angekuwa na jibu la kumcheka. Sasa aliufungua ukosi wa gauni tu, akatazama dari.

Mwili ukaanza kurudi, taratibu. Nyakio alimpima na kutabasamu. Kama mambo yangeendelea hivyo, alisema, daktari angeweza kuanza kuzungumzia operesheni. Mwololo alipiga makofi mara moja, akaona haya, akaenda kunawa tena bila sababu. Kaluki aliona, akasema vizuri, na hakuhisi chochote.

Jumapili moja, baada ya ibada, kina mama wa kanisani walikuja kumwombea. Emmah alikuwa Kisumu. Walikuja wanne, wakiongozwa na mwenyekiti wao Phoebe, mwanamke mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi, ambaye hakuna mgonjwa katika ushirika wao aliyewahi kulala bila kutembelewa naye. Mwololo aliwapeleka wote kwenye sinki mmoja mmoja, na wakanawa bila kunung'unika. Kufikia hapo alifanya sawa kabisa.

Lakini wageni wameketi, na mbele yao hakuna kitu. Wageni wa Kaluki! Mwololo alitazama ile meza tupu akaona aibu ya miaka yote ambayo mke wake hakuwahi kumwacha mtu akae na mdomo mkavu. Akachukua kofia, akasema nakuja sasa hivi, akashuka kununua mkate na soda.

Phoebe akaanza kuomba. Akaweka mkono kichwani, akaweka begani, wenzake wakaitikia. Kisha akafungua mkoba, akatoa kichupa cha mafuta yaliyoombewa, kilichozungukia nyumba za wagonjwa mwaka mzima, kidole baada ya kidole.

"Ni wapi wanapitisha, dada?"

Kaluki akaonyesha. Phoebe aliona plasta kubwa ya kung'aa imefunika mahali mrija unapoingilia, akatikisa kichwa. "Mafuta yaguse ngozi, si plastiki," akasema kwa upole, akainua pembe ya plasta kwa ukucha, akapaka kwa kidole chake, akataja jina la Yesu, akaibandika tena kwa kuipapasa.

Hebu niseme ukweli juu ya Kaluki, maana mwenyewe alikuja kuusema. Hakushikwa kwa nguvu. Hakuwa amelala. Alijua. Alikitazama kidole kile kikienda kifuani kama kinachoenda kwa mtu mwingine, na neno "hapana" lilikuwa pale pale kwenye ulimi, neno dogo, na hakuona sababu ya kujisumbua kulitoa. Tena ni nani husukuma mkono wa mtu anayemwombea? Mwololo aliporudi na mkate, maombi yalikuwa yameisha na gauni limefungwa vifungo. Wageni wakanywa soda.

Jumanne jioni Mwololo aliimba, akaingia, akasema karibu chakula. Mfuko haukuwa umekaa hata nusu saa Kaluki alipoanza kutetemeka. Meno yaligongana, kitanda kikalia. Mwololo alifunga mfuko kama alivyofundishwa, akapiga simu, akamfunga blanketi akamshusha ngazi karibu ambebe, na teksi ikawakimbiza Upper Hill. Njia nzima alikuwa anasema jambo moja tu, kwa sauti ya chini. "Woi, ni mimi. Ni mikono yangu."

Vijidudu vilikuwa vimeingia. Walimtia dawa kali siku baada ya siku, na wakaunusuru mrija, kwa bahati, daktari alisema, na bahati ya namna hiyo asiizoee. Uzito uliokuwa umepatikana ulipotea. Habari za operesheni hazikutajwa tena.

Nyakio alimuuliza Mwololo pale pale kando ya kitanda. "Mzee, siku hizo ulinawa vizuri kweli? Niambie tu, sitakupiga."

"Nilinawa, sista. Lakini nilipitia kazini mchana. Nilishika mashine." Akainyoosha ile mikono mbele yake. "Ni wino. Ulinionya."

Kaluki alikuwa amefumba macho lakini yuko macho. Alisikia kila neno. Alijua ni mafuta, alijua ni kidole cha nani, na alijua mwanamume huyu alikuwa anajitwika mzigo usio wake. Yote hayo aliyajua vizuri, lakini yalimfikia kwa mbali, kama majirani wanaogombana ghorofa ya juu. Akasema moyoni, nitasema kesho. Kesho yake hakusema.

Waliporudi Kileleshwa, Mwololo hakwenda kazini tena. Funguo za chumba cha mashine alimwachia mwenzake. Akaanza vita na mikono yake. Kila mpiga chapa hujua namna ya kutoa wino: unachovya kitambaa kwenye petroli, unasugua, kisha unamalizia na sabuni ya unga. Mara moja jioni si neno. Mwololo alifanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, kwa brashi ya kusugulia sakafu, nje kwenye balkoni ili harufu isiingie. Na hakuimba tena. Maji yalifunguliwa, yakatiririka, yakatiririka, na kutoka jikoni hakukusikika kitu ila brashi. Alipoingia na viganja vyake juu, Kaluki aliona wekundu. Siku zilivyosonga akaona mipasuko kwenye viungo vya vidole, na mmoja ulikuwa na damu.

Alimtazama. Kila jioni alimtazama, akafungua ukosi, akaangalia dari.

Nyakio alikuja Alhamisi. Aliingia anacheka, akasema, "Haya mzee, nione hizo kucha." Akaishika mikono yote miwili, akaigeuza.

"Umefanya nini?"

"Nimetoa wino."

"Umetoa ngozi! Mzee wangu, hii mikono imepasuka. Vijidudu vinakaa ndani ya mipasuko kuliko vile vinakaa kwa wino. Huwezi kugusa mrija na mikono kama hii." Akaachilia pumzi. "Emmah yuko?"

"Yuko safarini."

"Basi hakuna mtu. Itabidi nipige simu nitafute kitanda. Mama atarudi hospitalini leo, akae huko mpaka operesheni, hata kama ni mwaka. Na kule, nisikudanganye, mikono ni mingi. Huo mrija nitauogopea kila siku."

Mwololo aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango. Aliitazama mikono yake kama mtu aliyeharibu karatasi nzima ya mteja. "Ni sawa," akasema. "Nimeshindwa kumlisha. Yeye amenilisha maisha yake yote, mimi hii moja tu nimeshindwa."

Nyakio alikuwa ametoa simu.

"Si mikono yake," Kaluki akasema.

Wote wawili walimgeukia, maana alikuwa haongei mambo marefu siku hizo.

"Ni mafuta. Siku ya maombi. Phoebe aliinua plasta akapaka mafuta hapa, Baba Emmah akiwa ameenda kununua mkate. Nilimwona. Ningeweza kumkataza, sikumkataza. Alifanya kwa nia njema, msimgombeze. Mimi ndiye nilijua kanuni."

"Mama," Nyakio akasema polepole, "na ukanyamaza kwa sababu gani?"

"Sijui. Sikuona tofauti. Kusema au kutosema, yote niliona ni sawa."

Mwololo ndiye aliyesimama. Katika miaka yao yote Kaluki hakuwahi kumwona amekasirika, mpaka watu wa River Road walimwita mchungaji kwa utani. Sasa alimsogelea.

"Nimeacha kazi yangu," akasema. "Nimejichuna kama mbuzi. Kila jioni nilikuwa nakuja hapa na damu, na wewe unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama," Kaluki akasema.

"Kwani mimi ni nani kwako, Kaluki?"

Hakumwita Mama Emmah. Alitoka akaenda kwenye balkoni, akafunga mlango wa kioo nyuma yake. Na hapo, baada ya miezi mingi ya kutosikia chochote, kitu kilimwuma Kaluki chini ya mbavu, kikali sana hata akadhani ni utumbo. Alikaa nacho. Hakikuwa utumbo.

"Sista," akamwambia Nyakio, "weka simu chini. Nifundishe mimi."

"Wewe?"

"Mrija uko kifuani mwangu, si mgongoni. Nauona. Na mikono ninayo. Nimepika na mikono hii kabla hujazaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kuharisha kwa chakula changu. Uliza River Road yote."

Nyakio akacheka bila kutaka. Akasema sawa, lakini atamsimamia yeye mwenyewe kila jioni hadi aridhike, na akikosea hata mara moja, ni hospitalini moja kwa moja. Akapitisha sheria nyingine, ya mlangoni: atakayekuja kuomba, aombe akiwa amesimama pale kwenye kizingiti, na Mungu atamsikia kutoka hapo.

Phoebe alipigiwa simu mchana uleule, na Kaluki mwenyewe. Alilia sana. Kaluki alimwambia aje tu, lakini aache kichupa nyumbani.

Mwololo alikaa kwenye balkoni alasiri yote. Nyakio alimpelekea mafuta ya kujipaka na glavu za pamba, akavaa. Jioni alirudi sebuleni, akakaa akiwapa mgongo.

Mfuko ulikuwa umetolewa kwenye friji mapema. Nyakio alikuwa chumbani akipanguza meza. Kaluki alijikokota hadi jikoni akishikilia ukuta, akasimama mbele ya sinki, mahali ambapo angetarajiwa kujisikia nyumbani, na hakujisikia nyumbani. Akafungua maji. Akapaka sabuni. Akasugua kiganja kwa kiganja, akasugua katikati ya vidole, kisha akasimama. Hakujua ni muda gani umepita. Hakujua inatosha au haitoshi.

Kutoka sebuleni ile sauti mbaya ikaanza. Iliimba kwa hasira, kwa Kikamba, ikikwaruza bati lake, kila neno likitupwa kama kokoto. Kaluki akasugua. Kidole gumba, kisha kingine. Viganja, kucha, vifundo. Wimbo ukafika mwisho wa ubeti, kukawa kimya. Kaluki akanyoosha kiwiko afunge bomba.

"Bado ubeti wa pili," Mwololo akasema, bila kugeuka.

Akarudisha mikono kwenye maji. Mwololo akaanza ubeti wa pili, taratibu zaidi kuliko wa kwanza, na Kaluki akasugua mpaka mwisho wake. Kisha akafunga bomba kwa kiwiko, akasimama pale jikoni na viganja vikimwangalia, na machozi yakaanza kumtoka. Yalishuka mashavuni, yakafika kidevuni, yakadondoka kwenye gauni. Hakuyafuta, maana mikono ilikuwa imeshanawa.